Nuru Ishuhudiayo Kazi ya Jeni

Mtaalamu atiaye jeni mpya katika chembe hai, ambayo jicho haliioni pasipo darubini, hukabiliwa na suala zito: atajuaje, bila ya kuiua chembe hiyo na kuichambua, ya kwamba jeni imefika na kuanza kazi? Jawabu lililopatikana ni kuifungamanisha jeni na shahidi, naye shahidi huyo ni nuru.

Asili ya nuru hiyo ni kimulimuli. Katika miaka ya 1940 William McElroy wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, aliwalipa watoto wa Baltimore senti 25 kwa kila vimulimuli mia, na mwaka 1947 akathibitisha kwamba mwanga wao hautoki pasipo ATP, kemikali ichukuayo nguvu katika kila kiumbe. Mwaka 1985 wataalamu wa California wakaipata jeni itengenezayo lusiferasi, kimeng'enya kiunguzacho dutu iitwayo lusiferini hata ikatoa mwanga, na tangu hapo nuru hiyo ikaweza kuhamishiwa viumbe ambao hawakujaliwa kuwa nayo.

Ama mchukuzi wa kuifikisha jeni ametokana na adui ambaye sisi wa Afrika Mashariki twamjua kwa makaburi ya jamaa zetu. Virusi vya UKIMWI vyaweza kupachika jeni zao katika jeni za chembe, hata chembe isiyogawanyika kama ya ubongo, zikadumu humo. Na mwaka 1996 Luigi Naldini, Inder Verma, Didier Trono na wenzao walidhihirisha, katika bongo za panya, kwamba uwezo huo waweza kubakizwa ilhali ule wa kuzaana na kuleta maradhi umeondolewa.

Njia yenyewe ni kuyatenga maagizo ya virusi katika plasmidi mbalimbali, yaani viduara vya DNA vizalishwavyo ndani ya bakteria. Aghalabu huwa nne: ya kwanza hubeba jeni ichunguzwayo pamoja na ile ya lusiferasi, ya pili huagiza gamba la ndani na vimeng'enya, ya tatu husaidia ujumbe, yaani nakala ya maagizo ya jeni, kutoka katika kiini cha chembe, na ya nne hutoa utando wa nje. Kwa kuwa maagizo ya ile ya kwanza pekee ndiyo yenye alama ya kufungashwa, kirusi kitokacho katika chembe iliyotiwa plasmidi hizo huingia chembe nyingine, kikaacha amana yake, kisiweze kuzaa kingine.

Tazama faida yake katika utafiti wa saratani. Panya aliyepandikizwa uvimbe wenye jeni hizo hudungwa lusiferini, akalazwa usingizi katika sanduku la giza, na kamera yenye hisi kali ikahesabu nuru hafifu ipenyayo ngozini. Na juma lifuatalo panya yuleyule hutazamwa tena, ikajulikana kama uvimbe umekua au umesinyaa, bila ya haja ya kumchinja.

Walakini ushahidi huo una mipaka. Nuru huthibitisha kwamba ujumbe umesomwa. Haithibitishi kwamba protini ya jeni ichunguzwayo imetenda lililokusudiwa, na nuru itokayo ndani sana ya mwili hufifizwa na damu. Mtaalamu mwaminifu huipima protini yenyewe kwa njia nyingine kabla ya kutoa hukumu. Nasi tusomao habari za tiba za jeni, yatupasa kuuliza, kabla ya kushangilia, ni lipi lililoonekana kwa yakini na ni lipi lililodhaniwa tu.