Krete: Uliza Upepo Kabla ya Kuhesabu Nyota

Katika matangazo ya hoteli za Krete, bahari haichafuki hata siku moja. Maji yametulia tuli, miavuli imepangwa mstari, mtoto anachota mchanga kwa ndoo yake. Mteja anahesabu nyota, analinganisha bei, analipa. Anatua Julai, na siku ya pili anakuta bendera nyekundu inapepea ufukweni, huku mwokoaji akimpulizia filimbi kila anayejaribu kuvuka maji ya magoti. Chumba ni kilekile cha kwenye picha, kitanda ni kilekile. Kilichomponza ni kuchagua hoteli kabla ya kuchagua upande wa kisiwa.

Krete ndicho kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ugiriki. Kutoka magharibi hadi mashariki kina urefu wa kilomita 260 hivi, lakini ni chembamba: upana hauzidi sana kilomita 60, na karibu na mji wa Ierapetra unabaki 12 tu. Katikati umepita mgongo wa milima ambao kilele chake, Psiloritis, kina mita 2,456. Mgongo huo umekigawa kisiwa mara mbili. Kaskazini ndiko kwenye viwanja vikubwa vya ndege vya Heraklion na Chania, barabara kuu na hoteli nyingi. Kusini kuna vijiji vidogo vilivyobanwa kati ya mwamba na maji, na kuvifikia ni kupanda na kushuka kona za milimani kwa saa moja na nusu au zaidi.

Upepo unaoamua mambo huko unaitwa meltemi. Wakati wa majira ya joto hewa nzito hukaa juu ya Balkani, na huku joto kali hupunguza uzito wa hewa juu ya Anatolia na bara la Asia. Hewa hukimbilia kwenye wepesi, ikateremka Bahari ya Aegea kutoka kaskazini. Joto hilohilo la Asia lina mkono wake katika kusi ya Bahari ya Hindi. Ndiyo maana miezi ambayo wachezaji wa kaiti wanafurahia upepo wa Paje, Zanzibar, ndiyo pia miezi ambayo meltemi hupiga fukwe za kaskazini za Krete, hasa Julai na Agosti. Huweza kuvuma siku tatu nne mfululizo, pengine wiki, kisha ukatulia kama vile haukuwapo.

Mtu wa pwani ya Afrika Mashariki akifika ufukweni huuliza kwanza kama maji yamejaa au yamekupwa, na ana sababu. Unguja, siku za bamvua, tofauti ya maji kujaa na kupwa hufika mita nne hivi. Aliyepanga Paje bila kuuliza atayafuata maji kwa miguu, wakati aliyepanga Kendwa anaogelea mchana kutwa. Krete haina habari hiyo. Maji yake hupanda na kushuka kwa sentimita tu, na ufukwe wa asubuhi ndio wa jioni. Anachopaswa kutazama msafiri ni utabiri wa upepo, na kabla ya hapo, ramani.

Ramani inasomeka kwa urahisi. Ufukwe mrefu ulionyooka na kuelekea kaskazini, usio na rasi wala kisiwa mbele yake, utapokea kila wimbi la meltemi. Mfano ni Rethymno, ambako mchanga unaanzia kwenye mji wa kale wa Waveneti na kwenda mashariki kwa kilomita nyingi. Kwa matembezi ya jioni na chakula, ni vigumu kupata mahali pazuri zaidi kisiwani, na kasa aina ya Caretta caretta hutaga kwenye mchanga huohuo. Lakini siku ya upepo, mikondo yake huvuta waogeleaji kuelekea kina kirefu, na bendera nyekundu si pambo.

Aliye na watoto wadogo lakini hataki kwenda mbali na kaskazini atafute hori lililojificha. Agia Pelagia, magharibi ya Heraklion, imekingwa na rasi. Almyrida, mashariki ya Chania, imejibanza ndani ya ghuba yenye maji ya kina kifupi. Mbele ya fukwe za Agia Marina na Platanias kuna kisiwa kidogo cha Thodorou kinachopunguza nguvu za mawimbi, ingawa hapo inafaa kuuliza pia hoteli iko upande gani wa barabara ya zamani, kwa kuwa hupita katikati ya vijiji hivyo na magari hayakosi. Elounda, penye hoteli ghali kuliko zote, imelindwa na rasi ya Spinalonga na maji yake hutulia. Ila pwani yake ni ya mawe zaidi kuliko mchanga, na hoteli nyingi huwashusha wageni baharini kwa ngazi.

Kusini, milima huzuia mawimbi ya kaskazini, na mara nyingi bahari hulala wakati Rethymno inachafuka. Hata hivyo milima hiyo ina mabonde, na upepo ukipata bonde huporomoka kwa kishindo. Plakias inajulikana kwa dhoruba za namna hiyo: maji hayana wimbi, lakini mchanga unachapa ngozi na mwavuli hausimami. Wenyeji wa Paleochora, kusini-magharibi, wamebahatika kwa umbo la mji wao. Umekaa juu ya ulimi wa nchi kavu wenye fukwe mbili, mmoja wa mchanga magharibi na mwingine wa kokoto mashariki. Upande mmoja ukichafuka, watu hubeba mataulo yao, wanakatiza mitaa michache na kujilaza upande wa pili.

Ubishi kuhusu pwani hii ya kusini si mpya. Wasomaji wa Matendo ya Mitume wanaukumbuka: mabaharia waliokuwa na Paulo walifika Bandari Nzuri, wakaiona haifai kwa kukaa wakati wa baridi, wakaamua kusogea hadi Foinike. Njiani upepo wa Eurakilo ukawashukia kutoka kisiwani na kuwapeleka mbali. Bandari Nzuri ipo mpaka leo kwa jina la Kigiriki, Kaloi Limenes. Foinike hutajwa kuwa palikuwa karibu na Loutro, kijiji cha nyumba nyeupe kisicho na barabara, kinachofikika kwa feri au kwa miguu.

Baada ya upepo ndipo yafuate mengine. Malia na Hersonissos, mashariki ya Heraklion, ni za vijana na muziki wa usiku kucha. Mwenye usingizi mwepesi asipange huko Agosti. Karteros iko jirani na uwanja wa ndege wa Heraklion na kelele zake. Balos na Elafonisi, zenye maji ya kijani yanayopamba kalenda, zinatosha kwa safari ya siku moja, na anayefika kabla ya saa nne asubuhi huwatangulia wengi. Makrigialos, kusini-mashariki, ina mchanga laini na maji mafupi yanayowafaa watoto.

Nyota za hoteli hazisemi lolote kuhusu bahari. Hupima ukubwa wa vyumba, huduma, bwawa na mapokezi. Bendera ya Buluu nayo, inayotolewa na taasisi yenye makao Denmark, huthibitisha usafi wa maji, usalama na huduma za ufukweni. Haiahidi mchanga wala utulivu. Kwa mfuko wa msafiri, nyota zina maana moja zaidi. Kuanzia 2025 serikali ya Ugiriki hutoza ada ya mabadiliko ya tabianchi kwa kila chumba kila usiku, kati ya Aprili na Oktoba: euro 2 kwa nyota moja au mbili, 5 kwa nyota tatu, 10 kwa nne na 15 kwa tano. Wiki moja kwenye hoteli ya nyota tano ni euro 105, na mara nyingi hulipwa mapokezi, nje ya bei iliyotangazwa.

Ufukwe wenyewe ni wa umma. Sheria ya 2024 iliwataka wakodishaji wa vitanda na miavuli waache wazi angalau asilimia 50 ya eneo, na 70 kwenye maeneo yaliyohifadhiwa. Kwa hiyo taulo linatosha, na mgeni asikubali kuambiwa kwamba mchanga wote ni wa hoteli.

Kuhusu mwezi, wengi hukimbilia Agosti, wakati bei ziko juu, upepo uko juu na watu wamejaa. Mei ardhi bado ina maua, lakini maji yana nyuzi 19 au 20 na mtu wa Mombasa atayaona ya barafu. Septemba maji bado yana nyuzi 25 hivi na meltemi imeanza kuchoka. Kusini, kuogelea huendelea hadi mwisho wa Oktoba, ndipo hoteli nyingi hufungwa. Anayehitaji viza ya Schengen, kama wenye pasipoti za Tanzania na Kenya, aanze maombi miezi kadhaa kabla: ada kwa mtu mzima ni euro 90 tangu Juni 2024, na bima ya afya inayotakiwa ni ya angalau euro 30,000.

Mwenye wiki nzima anaweza kuigawa: usiku nne kaskazini, usiku mbili kusini, akisafiri kwa mabasi ya KTEL yanayovuka milima kutoka Chania hadi Paleochora au kutoka Heraklion hadi Matala. Usiku wa mwisho arudi kaskazini. Bahari ikichafuka feri za kusini husimama, na ndege ya asubuhi haimsubiri aliyekwama Loutro.