Una rupia ya Mjerumani ndani? Usiisugue, usiiuze haraka

Mjukuu wa Mpitimbi aliyeachiwa na bibi yake sarafu nyeusi yenye sura ya mwanaume mwenye sharubu na kofia yenye tai juu, hajaachiwa utajiri wa kununua Fuso. Lakini hajaachiwa takataka pia.

Huyo ni Kaiser Wilhelm II wa Ujerumani. Rupia yake ilianza kutolewa mwaka 1890, ni ya madini ya fedha, na ikiwa haijalika ina uzito wa gramu 11.66. Anzia hapo: peleka kwa sonara ipimwe mbele ya macho yako. Ikipungua sana, au ikinasa kwenye sumaku, hiyo ni feki. Ndani yake kuna karibu gramu 10.7 za fedha tupu, kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba ni bati.

Uingereza wapo wanaokusanya visahani vya udongo vya Wedgwood vyenye sura za watu maarufu wa karne ya 18. Huku kwetu sura za zamani zimebaki kwenye sarafu, na wakusanyaji wapo pia. Wanachotaka ni sarafu isiyoguswa. Ukiisugua kwa majivu, ndimu au msasa ing'ae, umeshaipunguza bei.

Shilingi ya Mfalme George V, yenye simba nyuma, ilianza mwaka 1921. Fedha iliyomo ni robo tu. Na zile heller za shaba, zilizotuachia neno “hela”, hazina sura ya mtu wala bei kubwa.

Inayowatia watu wazimu ni rupia 15 ya dhahabu iliyotengenezwa Tabora mwaka 1916, yenye tembo. Feki zake ni nyingi mno.

Akija mtu anatafuta rupia “inayovuta mchele”, anasema tajiri yuko Dar ila utoe kwanza hela ya kipimo, mfungulie mlango aende zake. Mnunuzi wa kweli hutoa hela, haombi.

Kuchimba je? Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inakataza kufukua mabaki ya kale bila leseni, hata kama ni shambani kwako. Kabla ya kushika jembe, pita kwanza Makumbusho ya Majimaji, Songea mjini, uulize.