Mchango wa Dunia Pepe na Daftari la Nachingwea

Mwaka 2005 Chama cha Saratani cha Marekani kiliandaa matembezi ya hisani mahali pasipo na barabara, jua wala jasho. Watembeaji walikuwa majumbani mwao, kila mmoja mbele ya kompyuta, wakiongoza vikaragosi viitwavyo avata ndani ya Second Life, dunia pepe iliyofunguliwa na kampuni ya Linden Lab mwaka 2003. Mara ya kwanza zilipatikana karibu dola 5,000. Mwaka 2007 michango ilivuka dola 118,000, na mwaka uliofuata ikapita 200,000. Dunia hiyo ina fedha yake, na fedha hiyo hubadilishwa kuwa dola halisi. Ndiyo maana kofia ya kuchora aliyonunua avata inaweza kusaidia kulipia utafiti wa ugonjwa unaoua watu halisi.

Karibu zaidi na kwetu kuna Nakuru, Kenya. Huko shirika la Live and Learn in Kenya limekuwa likichangisha ndani ya Second Life kwa ajili ya chakula cha watoto wa familia maskini. Njia yake ni muziki. Mwimbaji anakaa na gitaa lake nyumbani, pengine Ulaya, pengine Amerika, anaimba moja kwa moja, na avata waliokusanyika kwenye uwanja wa kuchora wanamsikia, wanacheza, wanatoa chochote. Wengi wao hawajawahi kukanyaga Kenya na pengine hawatakanyaga kamwe.

Ni rahisi kuyasoma haya na kudhani kwamba mashine ndiyo iliyoleta fedha. Sikubali. Kati ya 2006 na 2007 makampuni makubwa yalikimbilia Second Life, yakajenga maduka na ofisi za fahari, kisha mengi yakaondoka kwa sababu wageni walikuwa wachache. Facebook ilijibatiza jina la Meta mwaka 2021, na mwaka 2022 pekee idara yake ya dunia pepe ilipata hasara ya zaidi ya dola bilioni 13. Fedha hazijazi ukumbi. Waliofanikiwa kuchangisha walikuwa na wenyeji wanaofahamika, siku ya kukutana inayojulikana, na kitu kimoja cha kununuliwa kinachotajwa waziwazi. Hata filamu ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2015 kuhusu msichana mkimbizi wa Syria, iliyotazamwa kwa miwani ya uhalisia pepe, inasifiwa kupita kiasi. Huhusishwa na ahadi za dola bilioni 3.8 zilizotolewa kwenye mkutano wa wafadhili wa Kuwait mwaka huohuo, kana kwamba serikali zilifika mkutanoni hazijui zitaahidi nini.

Kwa asasi za Nachingwea na Ruangwa, kusini mwa Tanzania, hoja hii ina uzito, kwa kuwa eneo lenyewe limewahi kusaidiwa na watu wa mbali wasioliona. Wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji, FRELIMO ilikuwa na kambi yake kuu ya mafunzo ya kijeshi Nachingwea. Mwaka 1971 mwanasheria Mmarekani Mweusi, Robert Van Lierop, aliingia Msumbiji pamoja na wapiganaji, na mwaka 1972 ikatoka filamu yake, A Luta Continua. Ilionyeshwa makanisani na vyuoni Marekani, kwa watu wasioweza kuuonyesha Mto Ruvuma kwenye ramani. Filamu iliwasogeza karibu na mapambano, lakini machozi ya ukumbini yangekauka njiani kurudi nyumbani kama kusingekuwa na kamati za mshikamano za kupokea jina la mtu, mchango wake na saa zake za kazi. Dunia pepe ya leo inafanya kazi ileile ya filamu ile. Kamati bado inahitajika.

Wapo watakaosema kuwa mambo haya ni mageni mno kwa mkulima wa korosho. Si kweli. Chama kikuu cha ushirika cha RUNALI, ambacho jina lake limetokana na Ruangwa, Nachingwea na Liwale, sasa huuza korosho kwa minada ya kidijitali kupitia Soko la Bidhaa Tanzania. Mnunuzi anaweza kuwa popote. Bei yake inaonekana kwenye skrini, na wakulima waliokusanyika wanaikubali au wanaikataa. Wanamwamini mtu wasiyemwona kwa sababu korosho zimepimwa, zimewekwa madaraja, ziko ghalani, na stakabadhi ipo. Au tazama kundi la WhatsApp la michango ya harusi. Kila mtu anapotuma fedha kwa simu, mweka hazina anabandika orodha upya: jina, ahadi, alichotoa, salio. Orodha hiyo, yenye kuudhi kwa wingi wake, ndiyo inayomfanya shemeji aliyeko Dar es Salaam alipe. Tayari tunachangishana na watu tusiowaona uso kwa uso. Kilichobaki ni kujifunza kumfikia asiye ndugu.

Pingamizi la gharama ni zito zaidi, na sitalipuuza. Kukodi eneo kamili Second Life hugharimu zaidi ya dola 200 kwa mwezi, na kompyuta ya kuingilia humo si ile ya stationery ya mjini. Vijijini wengi wana kitochi, na mwenye simu janja anahesabu bando. Asasi ndogo inayokodi kisiwa cha kuchora inatupa fedha za wenyewe. Lakini haina haja ya kukodi. Walio ughaibuni, pamoja na marafiki wa nje ambao tayari wanaingia humo, wanaweza kuandaa tamasha. Asasi ya Ruangwa ikaleta picha, hesabu na sauti ya mwalimu au mkulima anayejibu maswali kwa simu. Kwa wanakijiji wenyewe, uhamasishaji ubaki kwenye mkutano wa hadhara na redio. Hakuna sababu ya kumvisha miwani ya uhalisia pepe mama ambaye tembo wamemlia mahindi. Yeye tembo anawajua. Asiyewajua ni mfadhili wa Stockholm.

Hapo linaibuka pingamizi ninaloliogopa kuliko yote: umaskini kugeuzwa maonyesho. Kamera ya nyuzi 360 haina pembe ya kujificha. Inachukua nyumba nzima, pamoja na mtoto aliyevaa nguo iliyochanika na asiyeulizwa chochote. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 inahusu picha hizi pia, lakini sheria ni mwanzo tu. Wanaopigwa picha waione kabla ya mfadhili, na wawe na haki ya kusema hapana bila kukosa msaada. Tamasha linalohitaji mtoto alie ili liingize fedha, na lisifanyike.

Nachingwea inajua pia mipango iliyobuniwa mbali na kuletwa kwa kishindo. Kuanzia 1947 Waingereza walileta matrekta, wakafyeka misitu ili kulima karanga, na wakajenga reli. Mpango ulifutwa 1951 baada ya hasara iliyofika pauni milioni 36 kwa maeneo yote, Kongwa na Urambo yakiwemo, na reli yenyewe ikang'olewa miaka ya 1960. Waliopanga hawakuuliza udongo na mvua kwanza. Asasi itakayoanza na avata kabla ya kujua shule ipi inakosa chakula cha mchana itakuwa inarudia kosa hilo kwa kompyuta.

Kwa hiyo, kiongozi wa asasi anayesoma haya aanze na daftari. Achague hitaji moja linaloweza kuwekewa bei, mfano magunia ya mahindi ya shule moja kwa muhula mmoja, aliweke wazi kijijini na mtandaoni, na atangaze kila shilingi iliyoingia. Kanuni za asasi za mwaka 2018 tayari zinataka fedha zinazozidi shilingi milioni 20 zitolewe taarifa. Usingoje kufika huko. Ukishaweza kumwonyesha mfadhili wa kwanza risiti ya gunia lake, hapo ndipo umwombe mwimbaji wa ng'ambo akuimbie.