Kabla hujalipa kodi ya duka, uliza habari za bima

Je, msomaji, umeweka akiba kwa miaka mingi na sasa unataka kurudi nyumbani Meru au Embu ukafungue duka? Hauko peke yako. Kuna mwalimu aliyestaafu na kupokea kiinua mgongo chake. Kuna kijana aliyemaliza chuo akachoka kutembeza barua za kuomba kazi. Kuna na mama aliyechukua mkopo wa chama ili afungue saluni. Wote hawa wanafanana kwa jambo moja: pesa walizo nazo ni za kuanzia mara moja tu. Zikipotea, hakuna nyingine.

Hata hivyo, ukimuuliza mfanyabiashara mpya ametayarisha nini, atakwambia amepata chumba, amelipa kodi ya miezi ya kwanza, ametengeneza rafu na amelipia kibali cha kaunti. Bima je? "Hiyo tutaiangalia biashara ikishika," atakujibu.

Hapo ndipo kosa linapoanzia. Mahali pa duka na bima ya duka si mambo mawili ya kushughulikiwa kwa nyakati mbili. Ni jambo moja, na huamuliwa siku ile unapokwenda kukiona chumba kabla hujatoa hata shilingi moja.

Wateja wako ni akina nani?

Ukisafiri kutoka Embu kupitia Runyenjes, Chuka na Nkubu hadi Meru, utaona maduka yanayofanana kandokando ya barabara. Lakini riziki yao haifanani. Embu ilikuwa makao makuu ya Mkoa wa Mashariki hadi serikali za kaunti zilipoanza mwaka 2013, na mpaka leo ni mji wa maofisi, shule na hospitali. Wateja wengi huko ni wa mshahara, na mwisho wa mwezi hujulikana kwa msongamano madukani. Runyenjes na Nkubu zimezungukwa na mashamba ya chai na kahawa, na wakati wa bonasi ya chai muuza mabati hana nafasi ya kuketi. Miezi mingine hukaa akipangusa vumbi.

Maua nayo hutegemea miraa. Mwaka 2014 Uingereza ilipopiga marufuku zao hilo, na tena kuanzia mwaka 2020 soko la Somalia lilipofungwa hadi Julai 2022, aliyeuza viatu Maua hakuhitaji kuwa na shamba la miraa ili aumie. Wateja wake ndio waliokuwa na mashamba.

Wengine hukimbilia vyuo vikuu. Ni kweli kwamba Nchiru karibu na Meru, mji wa Chuka na viunga vya Embu vimebadilika sana tangu vyuo vya huko vilipopata hadhi ya vyuo vikuu kamili, viwili vya kwanza mwaka 2013 na kile cha Embu mwaka 2016. Muuza chapati, mwenye kinyozi na wa kupiga chapa karatasi wote hupata chao. Lakini mwanafunzi huenda likizo, na kodi ya duka haiendi likizo. Machi 2020 vyuo vilipofungwa kwa sababu ya korona, wapangaji wa maeneo hayo walibaki wakitazamana.

Kwa nini tunayasema haya katika makala ya bima? Kwa sababu bima ya kawaida ya duka hailipi kwa sababu wateja wamepungua. Hata ile inayofidia faida iliyopotea, kwa kawaida hulipa tu iwapo biashara imesimama kutokana na janga lililotajwa katika hati yako, kama vile moto. Dhidi ya ukosefu wa wateja, bima yako ni uchaguzi wa mahali. Kaa hapo asubuhi, mchana na jioni. Hesabu wanaopita na uangalie wanabeba nini mikononi. Kisha urudi tena wakati wa likizo au kabla ya bonasi.

Ardhi hiyo ni ya nani?

Chumba cha bei nafuu kando ya barabara kuu huvutia sana. Kabla hujakichukua, uliza kama kimesimama juu ya ardhi iliyotengewa barabara. Vibanda vya namna hiyo hubomolewa siku serikali inapoitaka ardhi yake, na bima za moto na wizi kwa kawaida hazifidii uharibifu uliofanywa kwa amri ya serikali. Kibali cha biashara ulicholipia kwa kaunti hakigeuzi ardhi ya barabara kuwa yako.

Vivyo hivyo kwa majengo yaliyo karibu na mito, kama vile Rupingazi huko Embu na Kathita huko Meru. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yaliwaonyesha Wakenya kwamba maji hukumbuka njia yake. Usidhani kwamba bima ya moto inabeba mafuriko. Uliza, na uonyeshwe yalipoandikwa.

Jambo jingine ni mkataba. Wengi hulipa gudwili, pesa nyingi za kumpisha mpangaji aliyetangulia, halafu wanaingia bila karatasi yoyote. Sheria ya Kenya inayohusu wapangaji wa maduka na mikahawa, Sura ya 301, inamlinda mpangaji asiye na mkataba wa maandishi, au mwenye mkataba usiozidi miaka mitano. Mwenye jengo hawezi kukutoa wala kukupandishia kodi kwa neno la mdomo. Ni lazima atoe notisi ya maandishi ya angalau miezi miwili, nawe ukiwa na pingamizi una haki ya kulipeleka shauri mbele ya baraza maalumu la kodi za majengo ya biashara. Tunza risiti zako za kodi, kwani ndizo zitakazokutetea.

Jirani yako ni nani?

Sasa jifanye wewe ndiye mwenye kampuni ya bima. Watu wawili wamekuja, kila mmoja ana bidhaa za bei sawa. Wa kwanza yuko katika jengo la mawe lenye milango ya vyuma na mlinzi wa usiku. Wa pili yuko katika kibanda cha mbao na mabati, jirani yake wa kulia ni fundi wa kuchomelea vyuma, wa kushoto anauza mitungi ya gesi, na kichochoro hakipitishi gari la zimamoto. Ungewatoza ada sawa?

Moto haubishi hodi kwa mwenye makosa peke yake. Soko la Gikomba jijini Nairobi limeungua mara kadhaa, na katika moto wa Juni 2018 watu 15 walifariki. Wengi waliopoteza mali katika mikasa kama hiyo hawakuwasha kiberiti chochote. Walikuwa majirani tu.

Basi mwite wakala wa bima aje akione chumba kabla hujakilipia. Akisita, au akikutajia ada ya juu mno, amekwambia jambo kuhusu mahali hapo ambalo mwenye jengo hakukwambia. Nawe umjibu kweli tupu. Ukificha kwamba jirani ana mitungi ya gesi, kampuni itaweza kukataa kukulipa siku ya msiba. Tena ukihamisha duka, hata kama ni mtaa wa pili tu, iarifu kampuni kwa maandishi, kwa sababu bima ilikatwa kwa chumba kilichotajwa katika hati.

Hesabu inayowaliza wengi

Tuseme bidhaa zako ni za shilingi 600,000. Ili kupunguza ada, unaandikisha kwamba ni za shilingi 300,000. Moto unazuka na kuteketeza bidhaa za shilingi 200,000. Utalipwa ngapi?

Wengi watajibu 200,000, kwa kuwa hazijafika 300,000. Sivyo. Uliandikisha nusu ya mali, kwa hiyo kwa hesabu ya kampuni nusu nyingine umejikatia bima wewe mwenyewe. Utalipwa nusu ya hasara, yaani shilingi 100,000, na hapo bado hawajakata ile sehemu ya kwanza ya hasara ambayo hati inasema utaibeba wewe. Ukiongeza bidhaa kabla ya Krismasi, ongeza na bima.

Soma pia yale yasiyolipwa. Bima ya wizi kwa kawaida hutaka ionekane kwamba mlango au ukuta umevunjwa. Bidhaa zikitoweka polepole mikononi mwa mfanyakazi wako, hiyo ni bima nyingine. Ghasia za kisiasa nazo huhitaji kuongezwa kwa malipo yake. Baada ya fujo zilizofuata uchaguzi wa Desemba 2007, wafanyabiashara wengi waligundua kwamba hati zao hazikuzitaja, na uporaji wa Juni 2024 ulilikumbusha taifa somo hilo. Na ukiajiri hata msichana mmoja wa kukusaidia dukani, sheria ya mwaka 2007 ya fidia kwa majeraha ya kazini, iitwayo WIBA, inakutaka umkatie bima.

Ulipe nani?

Kenya imewahi kuona kampuni za bima zikianguka. Kenya National Assurance, iliyokuwa ya serikali, ilifungwa mwaka 1996 na kuwaacha wateja wakihangaika. Kwa hiyo usimpe pesa mtu kwa sababu tu amevaa tai. Mamlaka ya Kudhibiti Bima, IRA, hutoa orodha ya kampuni na mawakala wenye leseni. Hakikisha wako wamo, lipa kwa akaunti ya kampuni, udai risiti na hati yenyewe. Ahadi ya wakala kwamba "uko sawa, utalipa mwezi ujao" haizimi moto.

Mwisho, msomaji, kuna jambo dogo lisilogharimu chochote. Orodha ya bidhaa, risiti za ununuzi na hati ya bima huwekwa na wengi kwenye droo ya duka lile lile, na moto ukija huziteketeza pamoja na mali. Zipige picha kwa simu kila mwezi, nakala uziweke nyumbani, na umwambie mkeo au mumeo zilipo. Siku mkadiriaji wa hasara atakapokuja kusimama juu ya majivu na kukuuliza palikuwa na nini hapa, utakuwa na la kumwonyesha.

Chumba kizuri kitakupa wateja, na bima nzuri itakupa nafasi ya kuanza tena. Mwenye pesa za kuanzia mara moja tu anavihitaji vyote viwili, tena kwa siku moja.