Mskoti Aliyekataa Kuhesabu

Miongoni mwa Waingereza waliopelekwa kutawala watu wa mbali, John Cowperthwaite ni wa aina adimu, kwani sifa yake karibu yote imesimama juu ya mambo aliyokataa kuyafanya. Alizaliwa Edinburgh mwaka 1915, akasoma katika chuo cha St Andrews, na Wajapani walipoiteka Hong Kong, alikokuwa amepangiwa kazi, akapelekwa kwa muda Sierra Leone kuwa mkuu wa wilaya. Mwaka 1945 akafika Hong Kong, na tangu 1961 hata 1971 akawa Katibu wa Fedha wa koloni lile.

Katika hotuba yake ya bajeti ya mwaka 1961 aliwaambia wajumbe wa Baraza la Kutunga Sheria kwamba maamuzi ya wafanyabiashara wengi, kila mmoja kwa rai yake, japokuwa mara nyingi hukosea, yana madhara machache kuliko uamuzi mmoja wa serikali, na madhara hayo hutengenezeka upesi zaidi. Basi kodi ya mapato kwa kiwango chake cha kawaida haikuvuka asilimia 15, bidhaa ziliingia bandarini bila ushuru isipokuwa chache kama tumbaku, ulevi na petroli, na hata takwimu za pato la nchi hakutaka zikusanywe. Mchumi Milton Friedman wa Marekani, aliyemzuru mwaka 1963, alipomwuliza sababu alijibiwa kwamba maofisa wakipewa hesabu hizo watataka kuzitumia kupanga uchumi. Wapo wanaolicheka jawabu hilo. Mimi naona ndiyo hekima yake kubwa, maana ni nadra sana mtu mwenye funguo za hazina kuidhania akili yake mwenyewe vibaya.

Walakini tadbiri hiyo ilifanyika juu ya migongo ya watu gani? Hong Kong, iliyokuwa na watu kama 600,000 vita vilipokwisha, mwaka 1961 ilikuwa na zaidi ya milioni tatu, wengi wao wakimbizi kutoka bara la China. Wenye viwanda vya nguo wa Shanghai walikuja na mitaji na ujuzi. Waliosalia walikuja na mikono yao. Aliyetaka cherehani au mashine ya plastiki aghalabu hakwenda benki, alikwenda kwa ami yake, au akangoja zamu yake katika mchango ambao msomaji wa Mombasa au Dar es Salaam angeutambua papo hapo kuwa ni upatu. Mgonjwa fukara alikuwa na hospitali ya Tung Wah, iliyoasisiwa na matajiri wa Kichina mwaka 1870. Serikali iliweza kukunja mikono kwa kuwa jamaa hawakuikunja yao, na jambo hili wasifu wa Cowperthwaite hulipita mbio.

Na ardhi je? Hiyo haikuwa huria hata kidogo. Takriban yote ilikuwa mali ya Taji la Uingereza, ikikodishwa kwa mnada, na fedha ya minada ilisaidia kuifanya kodi iwe nyepesi. Tajiri alisamehewa kwenye mapato yake, na mpangaji akalipa katika pango. Usiku wa Krismasi mwaka 1953 moto uliteketeza vibanda vya Shek Kip Mei, watu wapatao 53,000 wakalala nje, na serikali ile ile isiyopenda kutia mkono ikaanza kujenga. Chumba kimoja katika majengo yale ya ghorofa saba kilikuwa na eneo la kama mita 11 za mraba, kwa watu wazima watano. Maji yalichotwa kwenye bomba la shirika, chakula kilipikwa barazani, watoto walisomea juu ya paa, na jioni jamaa nzima ilikaa kitandani ikiunga petali za maua ya plastiki kwa ajili ya meza za Ulaya na Marekani. Cowperthwaite alipostaafu, zaidi ya watu milioni moja walikuwa wakikaa katika nyumba za serikali.

Mwaka 1965 kampuni ya vivuko iliomba kupandisha nauli ya daraja la kwanza kwa senti tano. Mwaka 1966 kijana mmoja akakaa gatini akagoma kula, na haukupita muda fujo ikazuka mitaani. Mwaka uliofuata ukawa mbaya zaidi, mabomu yakalipuka. Senti tano haziwezi kuwasha moto wa namna hiyo peke yake: wale watu hawakuwa na hata mjumbe mmoja waliyemchagua katika Baraza lile alimohutubia Katibu wa Fedha, na ndiyo maana nashindwa kuukubali moja kwa moja uhuru anaosifiwa nao. Uhuru wa kununua na kuuza walikuwa nao tele. Wa kumwambia Mskoti huyu kwamba wanataka shule za bure kwa watoto wao, hawakuwa nao. Elimu ya msingi ya bure ilikuja mwaka 1971, mwaka ule ule alioondoka.

Alifariki Januari 2006. Mwaka huo huo mkuu wa Hong Kong, ambaye sasa alikuwa Mchina, alijitenga hadharani na siasa ile ya kutoingilia, na Friedman, aliyekuwa na wiki chache tu za kuishi, akaandika gazetini kulalamika. Minada ya ardhi iliendelea kama kawaida.