Poka: Hasira hasara mezani pa karata

MCHEZAJI wa poka aweza kucheza kwa busara saa sita mfululizo, kisha akapoteza kila kitu kwa dakika kumi. Aghalabu si karata zilizomponza, bali ni hasira.

Wachezaji wa Marekani huiita hali hiyo tilti, jina lililotokana na mashine za zamani za mchezo wa gololi. Mtu alipoitikisa mashine kwa nguvu ili gololi isimpotee, ilijifunga, ikawasha neno hilo na mchezo ukakatika.

Chukua mfano wa mchezaji aliyegawiwa ree mbili, karata bora kabisa za kuanzia, dhidi ya mwenye wafalme wawili. Wakiweka fedha zote kabla ya karata za mezani kufunuliwa, mwenye ree atashinda takriban mara 82 katika kila 100. Mara 18 hivi zilizosalia atashindwa, ilhali hakukosea lolote. Hapo ndipo penye mtego. Katika sataranji, anayeshindwa huwa amezidiwa maarifa. Katika poka, aliyefanya sawasawa huenda akaondoka mikono mitupu huku mzembe akikusanya fedha. Moyo huliona jambo hilo kuwa dhuluma, nao hudai kulipwa papo hapo.

Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza mnamo 1979 kwamba uchungu wa kupoteza huzidi furaha ya kupata kiasi kile kile, na kwamba aliyekabiliwa na hasara huwa tayari kujitosa katika hatari ili aiepuke. Ndiyo maana aliyeumia huanza kucheza kila mgao, kupandisha dau na kumwandama aliyemshinda, kana kwamba karata zina kumbukumbu.

Kufoka pekee si dalili ya kutosha. Phil Hellmuth, aliyetwaa ubingwa wa dunia jijini Las Vegas mnamo 1989 akiwa na umri wa miaka 24, amesifika kwa kuwakaripia wapinzani, na bado ameshinda mataji mengi. Wa kuhofiwa zaidi ni yule anayetabasamu huku akitupa fedha.

Mwanasaikolojia Maria Konnikova, aliyejifunza poka ukubwani chini ya bingwa Erik Seidel, alishinda shindano huko Bahamas mnamo 2018 na kutia kibindoni zaidi ya dola 84,000. Sehemu ya mafunzo yake ilikuwa kuyatambua mapema mambo yanayomchoma moyo, ili yasimfikie mezani kwa ghafla.

Wasio na mkufunzi huweka kikomo cha hasara kabla ya kuketi, kichwa kingali baridi, na kuinuka kikifikiwa. Lakini anayekivuka kila mara, akakopa na kurudi kesho, tatizo lake si poka tena. Huo ni uraibu wa kamari, na huyo anahitaji mshauri au daktari.