Kasuku akitua uani pako si mali ya kuokota

MKAZI wa mtaa wa Munyaka, jijini Eldoret, akiamka na kumkuta kasuku wa kijivu mwenye mkia mwekundu ametua juu ya ua, na afahamu kwamba mgeni huyo hakutoka msituni. Nchini Kenya, makao ya asili ya ndege hao ni Msitu wa Kakamega, na hata huko wamesalia wachache mno. Anayeonekana mtaani bila kuogopa watu, au akitamka maneno, yamkini ametoroka tunduni.

Katika lugha ya Kikuyu, munyaka ni bahati, na hawatakosekana watakaodhani kwamba bahati imejileta. Kasuku huyu husifika kwa kuiga sauti, huweza kuishi zaidi ya miaka 40, na bei yake ni ghali. Hata hivyo, sheria haimfanyi mwokotaji kuwa mwenyewe.

Mnamo 2016, nchi wanachama wa mkataba wa CITES, zilizokutana Johannesburg, Afrika Kusini, ziliamua kupiga marufuku biashara ya kimataifa ya kasuku hao wanaonaswa porini. Humu nchini, Sheria ya Wanyamapori ya 2013 inataka anayefuga ndege wa aina hiyo awe na kibali, na iliweka faini za mamilioni ya shilingi kwa makosa yanayohusu viumbe walio hatarini kuangamia. Mtego wa panya hunasa waliomo na wasiokuwamo: anayemficha ndege kwa huruma huenda akajikuta kizimbani sawa na mlanguzi.

Lakini kumwacha juu ya mti nako ni kumhukumu kifo. Ndege aliyelelewa tunduni hajui kujitafutia chakula wala kumkwepa mwewe na paka. Isitoshe, Eldoret imeinuka zaidi ya mita 2,000 kutoka usawa wa bahari, na baridi yake ya usiku humdhoofisha upesi ndege mwenye njaa.

Kumrushia mawe au kumfukuza kwa kelele humsukuma mbali zaidi. Lililo bora ni kuweka chakula na maji mahali pa wazi anapoweza kupaona, kisha kungoja kimya. Mara nyingi njaa humshusha jioni au alfajiri. Hapo hufunikwa taratibu kwa taulo, bila kubanwa kifua, kwani ndege hupumua kwa kukitanua. Katoni yenye matundu ya hewa, ikiwekwa mahali penye joto, yamtosha kwa muda.

Apewe mahindi ya kuchemsha yasiyo na chumvi, ndizi mbivu, papai au mbegu za alizeti. Parachichi, tunda lililojaa bustani nyingi za eneo hilo, ni sumu kwake. Chokoleti pia ni sumu, na maziwa hayamfai.

Aliyemshika anawe mikono kwa sabuni na kuwazuia watoto wasimbusu. Vumbi la kinyesi kikavu cha kasuku huweza kubeba bakteria zinazomletea binadamu homa, kikohozi na hata nimonia.

Hatua inayofuata ni kuarifu, bila kukawia, ofisi ya Shirika la Huduma kwa Wanyamapori (KWS) au kituo cha polisi kilicho karibu. Ikiwa ndege ana pete mguuni, nambari yake iandikwe lakini isitangazwe. Mwenyewe wa kweli ataitaja, na ataonyesha kibali chake mbele ya maafisa.

Wapo wanaoshauri ndege wa aina hiyo apelekwe msituni apate uhuru wake. Ushauri huo ni hatari, kwa kuwa anaweza kuwaambukiza ndege wa porini maradhi. Wakati mwingine watoro hustawi wasikostahili, kama ilivyotokea Naivasha, ambako kasuku wadogo wenye asili ya Tanzania, waliotoka mikononi mwa wafugaji, wamezaana na kuenea.